Tapentaini Isiyonuka

Siku Athok alipofungua kopo la tapentaini asisikie harufu yoyote, mtu wa kwanza kumshuku alikuwa Celestino, muuza rangi wa soko la Konyo Konyo. Mchoraji yeyote angemshuku. Tapentaini humtoa mtu machozi hata kopo likiwa chumba cha pili, na hii ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Athok akalitikisa kopo, akalinusa tena. Wapi! Basi akajua ameuziwa maji, na Athok, binti wa Bor ya Sudan Kusini aliyelelewa Nakuru, hakuwa mtu wa kuuziwa maji akanyamaza.

Akapanda boda kutoka mtaani kwake Sherikat, akavuka daraja la Nile, akamkuta Celestino nyuma ya makopo yake, barakoa imening'inia kidevuni kama walivyozivaa wanaume wengi wa Juba mwaka ule wa korona. Akamshushia maneno mpaka wauza misumari wa jirani wakasogea kusikiliza. Celestino akalifungua kopo, akaliweka puani, na kichwa chake kikaruka nyuma.

"Sista, hii ni maji?" akauliza huku akifuta macho. "Hii inaua panya! Pua yako iko na nini?"

"Wacha drama, Celestino. Nipee ingine."

Akampa jingine ili kelele ziishe. Athok alilifungua alipofika nyumbani, nalo halikunuka. Akasema moyoni kwamba yule mwizi ana pipa zima la maji. Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa, na mtu akitaka kumtetea, amtetee mpaka hapo. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Saa nane kamili Mama Peace alibisha mlango wa nyuma, na kutoka saa hiyo mimi sina la kumtetea.

Mambo yalianza hivi. Wani, mchoraji mwenzake, ndiye aliyebuni maonyesho. Mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku, na wachoraji wa Juba, ambao hata siku za neema hawana ukumbi wa maana, walikuwa wamekaa majumbani wakitazamana na turubai zao. Wani akasema kama watu hawaruhusiwi kuziendea picha, basi picha ziwaendee watu. Uzio wake wa mabati ulitazamana na barabara ya Nimule, pale magari yanapopunguza mwendo yakikaribia daraja. Kila mchoraji angetundika picha moja hapo nje, watu watazame kutoka kwenye gari au boda bila kushuka. Kila picha iwe uso wa mtu, pua na mdomo vikionekana, kwa sababu ilikuwa miezi sasa mji mzima ni macho matupu.

Afisa wa mtaa alikubali kwa sharti moja, nalo Wani alilirudia mpaka likachosha masikio: asikae mtu mbele ya mchoraji. Jichore kwenye kioo ukitaka, chora kutoka picha ya simu, lakini usimwite mtu chumbani ukamvua barakoa. Wenzake walikubali. Athok naye alikubali, kwa mdomo. Maringo ya mchoraji ni mabaya kuliko ya bibi harusi, na Athok aliamini kwamba kuchora kutoka kwenye simu ni kula ugali uliotafunwa na mwingine. Isitoshe, uso anaoutaka alikuwa tayari nao kichwani.

Ulikuwa uso wa Goretti, ambaye Sherikat yote ilimwita Mama Peace. Alikaa ukimbizini Adjumani, Uganda, mpaka akasahau miaka mingapi, akarudi, akauza chai na kahawa karibu na daraja hadi amri ilipoondoa mabenchi ya wauza chai wote. Baada ya hapo alikaa nyumbani, akiishi kwa samaki wakavu ambao binti yake, Peace, aliwauza Konyo Konyo. Alikuwa na mwanya mbele na kovu dogo juu ya mdomo, lililoachwa na mvuke wa birika. Akicheka, kicheko kilianzia kwenye kovu. Ukimfunika mdomo mwanamke yule, umemfunika mwenyewe.

Athok alimwendea na unga na vipande vya sabuni. "Mama, nataka nikuchore. Utakuja tu mara tano. Lakini usiambie mtu, hata Peace. Wani akijua, picha itatolewa."

"Hata Peace?" Mama Peace aliutazama ule unga kwanza, kisha akacheka. "Mimi iko na siri mingi ya wanaume ya daraja, mtoto yangu. Yako itapata nafasi."

Akaja. Kila alipokuja alivaa kitenge cha njano, akapita mlango wa nyuma, na nyumbani akaaga kwamba anakwenda kumwagilia mchicha wake kando ya mto. Athok alifunga dirisha majirani wasione, na chumba cha mabati kikawa tanuri. Siku ya kwanza Mama Peace aliketi na barakoa yake, ile ya buluu.

"Mama, toa hiyo kitu kidogo."

"Redio inasema hapana toa."

"Si ni mimi tu hapa? Mimi si mgonjwa."

Mama Peace akaivua. Lakini hakuitia mfukoni wala hakuiweka mezani. Aliishika mapajani kwa mikono miwili, saa mbili nzima, kama mtu aliyeshika tikiti akiogopa kuachwa na gari. Athok akaichora hivyo hivyo, buluu juu ya njano, kwa sababu ilikuwa nzuri na kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa turudi kwenye siku ya tapentaini. Hiyo ilikuwa mara ya tatu Mama Peace kuja. Walifanya kazi mpaka saa kumi, kisha mama akafungua chupa yake ndogo ya kahawa, ile kahawa yake ya tangawizi iliyokuwa ikiwashusha madereva kwenye malori. Akammiminia Athok. Athok akakileta kikombe puani kwa mazoea.

Hakusikia kitu.

Akaonja. Yalikuwa maji ya moto. Akatazama kikombe, akatazama kopo la Celestino pembeni. Redio aliisikiliza yeye pia. Alijua pua inayokufa ghafla maana yake nini.

"Iko kweis?" Mama Peace akauliza. "Leo nimeongeza tangawizi."

"Iko sawa, mama. Tamu sana."

Huo ndio uongo wenyewe, nao ulikuwa mdogo, wa adabu, ule ambao mgeni yeyote humwambia mwenyeji. Angeweza kusema, "Mama, vaa barakoa yako uende, nami nisikuone wiki mbili." Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini aliitazama turubai. Macho yalikuwa tayari, paji la uso tayari, mikono na barakoa yake tayari. Mdomo ulikuwa bado. Mdomo, na lile kovu, na maonyesho yenyewe yalikuwa ya midomo. Akajiambia ni mafua tu. Akajiambia kwamba hata kama ni lile jambo, mama ameshakaa naye mara tatu na lililokuwa la kuingia limeingia. Mtu akitaka kitu, akili humfanyia kazi kama kibarua asiyelipwa. Mama Peace alipouliza arudi lini, Athok alisema, "Kesho kutwa."

Akarudi mara mbili. Mara ya nne Athok alikiweka kigoda cha mama mbali, karibu na ukuta, akajiona mwema. Ila kovu halichoreki kwa mbali. Ilipofika mara ya tano akasogea, akasogea tena, mpaka pumzi zao zikagongana, akaupata ule mdomo barabara, na hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile maishani mwake.

Siku sita baadaye mwendesha boda mmoja alimwambia kwamba Mama Peace anakohoa. Siku ya kumi na moja akasikia amefariki. Wahudumu wa afya wenye mavazi meupe walimfunga, wakamzika upesi, na jamaa wakatazama kwa mbali bila kuuona uso wake. Athok hakwenda msibani. Alituma sukari. Kwenye kipande cha karatasi alichofunga na sukari hiyo aliandika "Pole sana", akakichana, akaandika tena kwa mwandiko mzuri zaidi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo kilikuja kweli, lakini kilimuumbua mtu mwingine, kama tutakavyoona.

Pua ya Athok ilirudi wiki ileile ya mazishi. Alikuwa anasafisha brashi, na harufu ya tapentaini ikamvamia ghafla mpaka akakaa chini. Ndipo alipoiona barakoa katika picha. Ilikuwa pale mapajani pa marehemu, buluu, imeshikwa kwa mikono miwili, na mwenye macho yeyote angejua: mtu huyu alikaa hapa, akaambiwa vua. Siku nne kabla ya maonyesho Athok alichanganya rangi nzito ya kahawia na nyeupe, akachora kikombe cha kahawa juu ya ile barakoa. Kikakaa vizuri mno. Muuza chai na kikombe chake, nani angeuliza? Wani alipokuja kuichukua picha aliisogelea mpaka pua ikakaribia turubai.

"Wallahi, Athok. Hii ni picha ya simu?"

"Ya simu," akasema Athok.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi asubuhi. Picha tisa zilitundikwa kwenye uzio kwa waya, na malori ya Nimule yakapunguza mwendo kuliko ilivyo kawaida yao. Madereva walichungulia. Wanawake wenye mizigo vichwani waligeuka taratibu, shingo na mzigo pamoja. Mbele ya picha ya Athok boda zilisimama kabisa. "Si huyo ni Mama Peace! Tazama kovu!" Mwanamume mmoja mzima, mwenye ndevu, alivua kofia akalia. Kila aliyemsifu Athok alimchoma, naye akasimama hapo akisema asante, asante, huku ameshika mfuko wa brashi na kopo lake kama silaha.

Peace alikuja saa nne. Alishuka kwenye boda na nguo nyeusi, barakoa puani sawasawa, akasimama mbali kuliko watu wote. Kisha akasogea hatua moja moja mpaka akawa mbele ya uso wa mama yake. Wani akamwambia imechorwa kutoka picha ya simu, akamwonyesha mchoraji kwa kidole, naye akamgeukia.

"Ni wewe, sista?"

"Ni mimi. Pole, Peace. Pole sana."

"Sisi hatukuona sura yake. Walifunga haraka." "Asante. Mungu akubariki." Akarudi kuitazama picha, na mara kichwa chake kikainama upande. "Lakini simu ya nani? Mama hapana penda simu. Na hii nguo ya njano, mimi nilimnunulia mwezi ya saba. Alikuwa anavaa kwenda kwa mchicha tu."

Hapo palikuwa na mlango wazi, na Athok akaufunga. "Nguo nilibuni tu," akasema. "Niliona njano itamfaa."

Peace akamwamini. Hilo ndilo lililokuwa baya. Macho yake yalijaa machozi, akashika kifua. "Basi ni Mungu alikuonyesha."

Athok alitamani lori moja lipande juu ya uzio. Hakuna lililopanda. Peace, ambaye ilionekana hajazungumza na mtu kwa siku nyingi, aliendelea kwa sauti ndogo, kama anayemweleza yule mama pale ukutani na siye mchoraji.

"Mjomba Semei anasema ni mimi. Anasema mama alikuwa anavaa barakoa kila pahali, hapana toa hata kwa kanisa. Anatoa nyumbani tu, na nyumbani ni mimi na yeye. Na mimi natoka sokoni. Sasa ni nani mwingine?" Alihesabu vidole viwili, akaviacha hewani. "Wamenipa sahani yangu, kikombe yangu. Wakati ya maombi mimi nakaa nje ya mlango. Na mimi naona ni haki. Kila asubuhi naomba mama musamaha. Namwambia, mama, ni samaki, tulikuwa tunataka kula."

Athok alilisikia neno hilo la samaki. Alikuwa amebeba hatia yake wiki tatu akidhani ni mzigo wake peke yake, mzito lakini wake. Kumbe alikuwa ameuacha njiani na mwingine amepita akaubeba. Kunyamaza hakukuwa tena kunyamaza. Kila siku aliyonyamaza ilimpeleka Peace nje ya mlango na sahani yake.

"Peace," akasema. "Si wewe."

"Sista, hapana nifariji."

"Si wewe. Mama alikuja kwangu. Mara tano. Hakuna picha ya simu. Alikuwa anakaa kwa nyumba yangu, dirisha limefungwa, na ni mimi nilimwambia atoe barakoa." Hakuisimamisha sauti yake, maana alijua ikisimama haitaanza tena. "Siku ya tatu nilikosa harufu. Nilijua. Nilijua, Peace, na nikamwambia arudi, juu ya hii picha, mdomo ulikuwa haujaisha. Akarudi mara mbili. Nilimwambia asikuambie, na hakukuambia."

Wani alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Aliacha waya aliokuwa anaukaza. "Uliniambia ni ya simu," akasema polepole.

"Nilikudanganya." Akamgeukia Peace. "Na wewe pia nilikudanganya."

Peace hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye jiwe la kando ya uzio, akashusha barakoa apate hewa, na Athok akaona mwanya uleule wa mbele. "Mchicha," Peace akasema mwishoni. "Nilienda kuangalia mchicha baada ya mazishi. Ilikuwa imekauka yote, kitambo. Nikasema, sasa mama alikuwa anamwagilia nini?"

Boda ilisimama barabarani, mtu akapiga picha ya Mama Peace, ikaondoka. Athok alisubiri matusi. Angeyapokea kama maji ya kunywa.

"Wiki tatu mimi naomba musamaha," Peace akasema. "Kumbe naomba ya wewe."

"Nitakuja kwa mjomba. Nitamwambia mwenyewe, Jumapili, mbele ya watu wote."

"Mjomba hapana amini mdomo. Atasema mimi nimekupanga. Atasema mama hapana toa barakoa kwa mtu, kalas." Akainua macho kwenye picha, kwenye ule uso uliokuwa ukicheka kutokea kwenye kovu, akashuka mpaka mapajani. "Na mama hapana shika kikombe hivyo. Mikono miwili? Yeye alikuwa ya kupea watu kikombe. Hii anashika kitu inaogopa kupotea."

Watu wote wa barabara ile walikipita kikombe kile wakakisifu, na wachoraji wanane pia. Aliyekiona ni muuza samaki.

Athok alifungua mfuko wake. Akatoa kitambaa, akatoa kopo la Celestino, akalifungua. Wani alijua mara moja anachotaka kufanya, akanyoosha mkono kumzuia, maana hiyo ilikuwa picha bora kuliko zote tisa na magari yalikuwa yamesimama kwa ajili yake. Kisha akatazama pale alipokaa Peace, akaurudisha mkono.

Rangi ya siku nne, nzito, katika msimu wa mvua, haijakauka. Athok alilowesha kitambaa, akakiweka juu ya kikombe, akasugua polepole asije akafika rangi ya chini. Kahawia ikatoka. Nyeupe ikatoka, ikachafua njano ya kitenge kwa doa ambalo halitatoka tena. Mabati ya uzio yalitikisika, na picha ikaanza kuyumba kwenye waya. Peace aliinuka. Alikuja upande wa pili, akaishika fremu kwa mikono miwili isiyumbe, akiwa ameukaza uso, bila kumtazama Athok.

Buluu ikaanza kuonekana. Kwanza kamba moja ya sikio, kisha kona, kisha vidole vya Mama Peace vimeikaza. Gari moja nyuma yao lilipiga honi, mengine yakaitikia.

"Inanuka," Peace akasema, akigeuza pua.

"Naisikia," Athok akasema, akaendelea kusugua.